Penseli ya Dola Moja
Mwaka 2011 Sahil Lavingia, mbunifu kijana wa programu nchini Marekani, alichora picha ndogo ya penseli akataka kuiuza mtandaoni kwa dola moja. Alipokosa njia rahisi, akaanzisha Gumroad: msanii anapakia faili na kupanga bei, mnunuzi analipa na kupakua papo hapo.

Faili moja huuzwa hata mara elfu bila ghala wala nauli. Kazi ni kupata wateja.

Gumroad yenyewe ilipata mamilioni ya dola kutoka kwa wawekezaji, lakini ukuaji ukasuasua. Mwaka 2015 ikapunguza wafanyakazi wengi, ikaendelea kwa kutegemea makato ya mauzo.

Anayeuza mapishi ya PDF Dar es Salaam au Nairobi ana mtihani wa ziada: mteja mwenye M-Pesa asiye na kadi ya benki anaweza kukwama kwenye ukurasa wa malipo.