Mnyama Akiugua, Tuanzie Wapi?



Leo tungependa tuzungumze juu ya jambo linalotuumiza kichwa sote hapa Gongoni. Mnyama wa kikundi akiugua au akiumia, tufanye nini? Ng'ombe mmoja wa maziwa ndiye karo ya watoto, ndiye nauli ya hospitali, ndiye akiba yetu. Na pengine ni mali ya watu ishirini waliochanga shilingi kwa shilingi. Akifa, hafi peke yake. Umoja wetu nao huyumba, maana watu huanza kuulizana: "Zamu ya kumchunga ilikuwa ya nani?"

Wazee wanakumbuka siku ambazo majosho yaliendeshwa na serikali. Miaka ya 1990 mzigo huo ulianza kuachiwa wananchi: majosho yakakabidhiwa kamati za vijiji, na tiba ikazidi kuwa ya kulipia. Tangu mwaka 2013 huduma za mifugo ziko chini ya kaunti. Lakini uamuzi wa kwanza hufanywa na sisi wenyewe, pale pale zizini. Basi tuzijue njia zilizopo. Ni tatu.

Njia ya kwanza ni kumhudumia wenyewe. Hii ni ya majeraha madogo. Chumvi hapa kwetu hatuifuati mbali. Chemsha nusu lita ya maji, tia kijiko kimoja kidogo cha chumvi, yaache yapoe, kisha osha kidonda mpaka uchafu wote utoke. Usipake oili chafu ya gari wala maji ya betri. Vitu hivyo huchoma nyama hai, na kidonda huchelewa kupona. Punda aliyechubuka mgongo, dawa yake ya kwanza ni kupumzishwa, na ya pili ni kurekebisha matandiko. Ukimpaka dawa asubuhi na saa nne ukamtwika mitungi ya maji, umefanya kazi bure.

Mbuzi akivunjika mguu, na mfupa haukutoboa ngozi, mfunge vijiti vilivyozungushiwa kitambaa. Kiungo cha juu na cha chini ya pale palipovunjika vyote viwe ndani ya vijiti. Usikaze mno hadi kwato ipoe au ivimbe. Mbuzi wengi hupona hivyo.

Njia ya pili ni kumwita mtaalamu, tena mapema. Mfano mzuri ni ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe. Ng'ombe hupata homa kali, tezi za chini ya sikio na za begani huvimba, hatakikula, machozi humtoka, halafu huanza kukohoa na kuhema. Ndama na ng'ombe wa gredi ndio hufa zaidi. Sasa, wengi wetu hukimbilia duka la dawa tukanunua oksitetrasaiklini na kumdunga wenyewe. Jamani, dawa hiyo haimponyi ng'ombe ambaye ndigana imekwisha kumshika. Inayofaa ni buparvakwoni, na nayo hufanya kazi vizuri siku za mwanzo tu. Akishaanza kutoa povu puani, pesa zako zinakwenda na ng'ombe anakwenda.

Kwa hiyo muulize anayekuja kutibu: umesajiliwa na Bodi ya Madaktari wa Mifugo? Sheria ya mwaka 2011 inamtaka awe amesajiliwa. Muulize pia: maziwa na nyama tukae siku ngapi kabla ya kutumia? Dawa ikiwa bado mwilini, anayekunywa maziwa ni mtoto wako.

Njia ya tatu hatupendi kuitaja, lakini ni lazima. Kuna mnyama asiyetibika. Ng'ombe mzima aliyevunjika paja, kumwacha alale mavumbini wiki mbili tukingoja muujiza si huruma. Kama ameumia tu na hana ugonjwa, mwiteni mkaguzi wa nyama, achinjwe, kikundi kiokoe kitu. Lakini mnyama mgonjwa asichinjwe kwa siri ili "tusipate hasara". Mwaka 2006 kuingia 2007 homa ya Bonde la Ufa iliua zaidi ya watu 150 nchini Kenya, na wilaya ya Kilifi ilikuwa miongoni mwa zilizopata wagonjwa. Wengi waliambukizwa kwa kushika damu na nyama ya wanyama wagonjwa. Mvua kubwa ikifuatwa na mimba nyingi kuharibika zizini, usishike kitu, piga ripoti. Na mbwa mwenye kichaa hana tiba. Aliyeumwa naye aoshe jeraha kwa sabuni na maji mengi dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Lakini kabla ya njia zote tatu kuna kinga. Kupe wakipunguzwa kwa kuogesha, ndigana hupungua. Tena iko chanjo. Mnyama hudungwa vimelea hai vya ndigana pamoja na oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, mara moja tu, na mtaalamu aliyefunzwa. Hapo ndipo dawa ile ina kazi yake. Na mjue kwamba jina la Marikebuni, kijiji cha huku huku Magarini, linajulikana na watafiti wa ndigana. Katika miaka ya 1980 vimelea vilivyotoka huko vilitumiwa kuchanjia ng'ombe wa Pwani katika majaribio. Elimu hiyo imetoka katika mazizi yetu. Si vizuri tuwe wa mwisho kuitumia.

Shida yetu kubwa ni pesa kutokuwepo siku zinapohitajika. Ng'ombe huugua Jumatatu, mkutano ni Jumamosi, na hadi tuchange amekwisha kuanza kuhema. Kikundi kinachotenga kidogo kutoka kila mauzo ya maziwa humwita daktari siku ya kwanza, bila kungoja mkutano.

Tunawaachia maswali haya myajadili katika mkutano wenu ujao:

1. Katika kikundi chetu, nani ana ruhusa ya kumwita daktari bila kungoja mkutano?

2. Je, tuna mfuko wa tiba? Una kiasi gani leo?

3. Mnyama wetu wa mwisho kufa, tuliona dalili ya kwanza siku gani, na tulichukua hatua siku gani?

Hilo la tatu lijibiweni bila kutafuta wa kulaumiwa. Hesabuni siku tu. Zitawafundisha.