Huduma ya dharura iwe haki, isiwe bahati

(Mada niliyoitoa kwenye mkutano wa vijana, Ifakara)



Sisi wa Bonde la Kilombero tunajijua. Msimu wa mpunga familia zinahamia mashambani na kulala huko. Masika ikikolea, barabara za ndani zinakatika. Mtu akiumwa na nyoka usiku kule Malinyi au Mlimba, gari la wagonjwa ni bodaboda, na hospitali ya rufaa, St. Francis, iko huku Ifakara. Daraja la Magufuli limetutoa kwenye kivuko, sawa. Lakini kuvuka mto ni kipande kimoja tu cha safari.

Tusiseme haiwezekani. Tangu 2022 mfumo wa m-mama umesambazwa nchini. Mjamzito au mtoto mchanga akipata dharura, unapigwa 115 bure, linatafutwa gari, na gari la wagonjwa likikosekana anaitwa dereva wa kijijini aliyesajiliwa na analipwa. Ni jambo jema. Sasa huyu aliyeumwa na nyoka, au kijana wa bodaboda aliyevunjika mguu, yeye apige wapi?

Tuje kwenye sheria. Ibara ya 14 ya Katiba yetu inatoa haki ya kuishi. Ibara ya 11 inagusa ustawi wa mtu wakati wa maradhi, ila ibara ya 7(2) inasema masharti ya sehemu hiyo hayatekelezwi na mahakama. Yaani umeahidiwa, lakini huwezi kudai. Kenya, Katiba ya 2010, ibara ya 43(2), inasema wazi mtu asinyimwe matibabu ya dharura. Sheria yao ya Afya ya 2017 ikaweka meno: kituo chenye uwezo kikimkatalia mgonjwa wa dharura, faini inafika shilingi milioni 3 za Kenya.

Tudai sheria yenye mambo matatu. Kwanza, kila kituo, cha umma au binafsi, kimtulize mgonjwa wa dharura kabla ya kuuliza hela. Pili, majeruhi atibiwe kwanza, PF3 ifuate baadaye. Tatu, usafiri wa aina ya m-mama uwe wa kila mgonjwa wa dharura, na uwe na fungu lake kwenye bajeti.

Hapa tuwe wakweli. Mbunge yeyote anaweza kupeleka muswada binafsi kwa hayo mawili ya kwanza. La tatu linagusa Mfuko Mkuu wa Hazina, na ibara ya 99 inataka pendekezo hilo litoke serikalini. Kwa hiyo kelele pekee hazitoshi, tunahitaji ushahidi.

Kazi ya kila tawi ni hii: andikeni kijiji, umbali hadi kituo cha afya, njia inakatika miezi gani, nauli ya bodaboda usiku ni shilingi ngapi. Majina ya wagonjwa msiandike. Tukusanye, tumpelekee mbunge mezani, halafu tumuulize hadharani amefanya nini.