Mcheza Kwao Hutunzwa: Pahali pa Sanaa Katika Mji Wetu

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, katika ukumbi wa shule)



Nimeombwa niseme juu ya muziki, maigizo na uchoraji katika mji wa Dar es Salaam na jirani zake. Nitasema kwa kifupi, kwa sababu mchana huu mkutano utaamua jambo zito: ama ukumbi huu tulimokaa ugawanywe kwa kuta uwe madarasa mawili, ama ubaki kuwa ukumbi. Sitaficha kwamba hotuba yangu inahusiana na jambo hilo.

Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Usemi huu twautumia kumsifu mchezaji na kuwahimiza watazamaji watoe chochote. Neno la katikati twalipita haraka. Hilo "kwao" ni pahali: ni uwanja unaojulikana, ambapo watu wanajua wakienda watamkuta mchezaji, na mchezaji anajua watu watakuja. Nikiitazama historia ya sanaa katika mji huu, naona kila iliposhamiri palikuwa na pahali pa namna hiyo.

Tuanze na muziki wa dansi. Wazee wetu walicheza dansi Arnautoglu, pale Mnazi Mmoja, katika jumba la jumuiya lililopewa jina la Mgiriki aliyetoa fedha za kulijenga. Mwaka 1964 chama cha wafanyakazi, NUTA, kilianzisha bendi yake, NUTA Jazz. Wanamuziki wake walikuwa waajiriwa: walipewa vyombo, wakapokea mshahara kama karani au dereva. Bendi hiyo ilibadili jina kila chama kilipobadilika, ikawa JUWATA, kisha OTTU, na hatimaye Msondo Ngoma. Mwaka 1978 ikazaliwa Mlimani Park, iliyochukua jina la pahali ilipokuwa ikipiga. Baadaye ikawa mali ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, ndiyo DDC, lililokuwa na kumbi zake. Mzee Muhidin Maalim Gurumo, aliyefariki mwaka 2014, aliimba katika bendi zote mbili. Sauti ilikuwa yake mwenyewe, lakini nyuma yake palikuwa na mwajiri, vyombo na ukumbi. Mashabiki wa Msondo na wa Sikinde walibishana miaka mingi nani zaidi, na hawakuwa na shida ya kujua waende wapi kumaliza ubishi.

Tuje kwenye uchoraji. Edward Saidi Tingatinga alitoka Tunduru kuja mjini kutafuta kazi. Mwaka 1968 hivi alianza kuchora wanyama na ndege juu ya vipande vya mbao laini za dari, kwa rangi za kung'aa zinazouzwa madukani. Hakuwa na chuo wala mdhamini. Alichokuwa nacho ni pahali: nje ya Morogoro Stores, Oysterbay, wanakopita wanunuzi. Mwaka 1972 aliuawa kwa risasi za polisi waliomdhania mhalifu. Alikuwa amechora kwa miaka minne tu. Ingekuwa rahisi sanaa yake ife naye, lakini ndugu na wanafunzi wake walibaki pale pale, mnunuzi aliyerudi akawakuta, na mwaka 1990 wakaandikisha chama cha ushirika. Leo jina la mtu yule ni jina la mtindo unaojulikana duniani.

Mwaka huo huo wa 1972 ilianzishwa Nyumba ya Sanaa. George Lilanga, Mmakonde, aliingia pale kwa kazi ya ulinzi. Aliwaona wenzake wakichora, naye akashika kalamu na rangi. Alipofariki mwaka 2005 kazi zake zilikuwa zimekwisha kuonyeshwa Ulaya na Marekani. Najiuliza: mlinzi yule angelinda ghala la saruji, tungepata Lilanga?

Maigizo nayo ni vivyo hivyo. Chuo Kikuu kilifungua idara ya sanaa za maonyesho mwaka 1967, na katika mazingira hayo wakakua waandishi kama Ebrahim Hussein, ambaye Kinjeketile yake ilichapishwa mwaka 1969, na Penina Muhando. Bagamoyo, mwendo wa kilomita 70 hivi kutoka hapa, Chuo cha Sanaa kilianza mwaka 1981. Jumba lake la maonyesho liliungua mwaka 2002. Chuo hakikukubali kukaa bila jumba, na likajengwa upya. Hapa mjini, vikundi kama Muungano vilichanganya ngoma, vichekesho, sarakasi na taarabu katika kumbi za starehe, na watu wakalipa kiingilio.

Najua vijana mtaniambia: mzee, siku hizi ukumbi ni simu. Kijana anarekodi chumbani, kesho wimbo umefika Mwanza. Ni kweli, nami nafurahi. Lakini tazameni singeli. Kabla ya kuingia kwenye simu ilikuwa kwenye vigodoro vya Manzese na Tandale, ambapo msanii aliyekosea alijua papo hapo, kwa macho ya watu. Simu inasambaza kilichokwisha kukomaa. Kukomaa kunataka watu walio mbele yako. Hata wachoraji wa leo wanaokusanyika Nafasi, kule Mikocheni, wangeweza kila mmoja kuchora kwake. Wanakwenda pale kwa sababu mchoraji hujifunza kwa jirani.

Sasa nirudi kwenye jambo letu. Wanaotaka madarasa hawana kosa. Watoto wamebanana, sote tumeona asubuhi hii. Lakini madarasa mawili yaweza kujengwa upande wa pili wa uwanja, tukichanga kwa miaka miwili badala ya mmoja. Jukwaa likishavunjwa, sijui ni mwaka gani kamati itarudi kutuomba fedha za jukwaa. Naona hautafika.

Kwa hiyo natoa pendekezo. Ukumbi ubaki. Kila muhula shule ialike hapa bendi, kikundi cha maigizo au wachoraji wa mji huu, na walipwe. Wanafunzi waingie bure. Sisi tulio na kazi tununue tiketi, na ziada iende kwenye mfuko wa madarasa. Nanyi vijana, siku moja katika muhula jukwaa liwe lenu, na wazee tuje kuwatazama.

Mimi naandika jina langu la kwanza katika orodha ya wachangiaji wa madarasa mapya, ili asije mtu akasema napenda ngoma kuliko hesabu. Tusiwaambie watoto wetu kwamba mcheza kwao hutunzwa, huku tunawaondolea pahali pa kuchezea.

Ndugu Mwenyekiti, naomba kutoa hoja.