Leza na Sindano katika Maradhi ya Macho ya Kisukari: Ni Tiba Ipi Imfaayo Mgonjwa wa Matete?



Mada niliyokabidhiwa yanitaka nilinganishe tiba mbili za jicho lililodhuriwa na kisukari, nayo aghalabu hujadiliwa kana kwamba ni shindano ambamo mmoja sharti aanguke. Nitajaribu kubainisha kwamba kila tiba ina ugonjwa wake, na kwamba pale zinapokutana juu ya ugonjwa mmoja, hukumu haitolewi na nguvu ya dawa peke yake, bali pia na uwezo wa mgonjwa wa kurudi kliniki.

1. Asili ya maradhi

Sukari inapozidi katika damu kwa miaka mingi, huidhoofisha mishipa midogo ya retina, yaani ule utando wa nyuma ya jicho unaopokea nuru, na madhara yake hupita katika njia mbili. Njia ya kwanza ni mishipa kuvuja majimaji, na makula, ambayo ndiyo kitovu cha kuona, ikavimba, hata mtu akashindwa kusoma au kutambua nyuso. Njia ya pili ni mishipa kuziba, na sehemu ya retina, kwa kukosa oksijeni, ikatoa kemikali iitwayo VEGF, inayochochea kuota kwa mishipa mipya. Walakini mishipa hiyo ni dhaifu, hupasuka na kulijaza jicho damu, au huivuta retina hata ikabanduka.

Fauka ya hayo, mambo haya yote huanza pasipo maumivu. Utafiti uliofanywa Nakuru miongoni mwa watu wa miaka 50 na zaidi ulionyesha kwamba katika kila wagonjwa 100 wa kisukari, takriban 36 walikuwa na dalili za maradhi haya katika retina.

2. Leza

Kutibu retina kwa nuru kulianzishwa na tabibu Mjerumani, Gerd Meyer-Schwickerath, ambaye baada ya Vita Vikuu vya Pili alizingatia makovu ya watu waliolitazama jua wakati wa kupatwa kwake, akatambua kwamba nuru iunguzayo yaweza pia kuponya, ikiwa mkono wa tabibu ndio unaoiongoza. Mwaka 1976 utafiti mkubwa wa Marekani ulitoa ithibati kwamba leza hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya upofu mkali kwa wenye mishipa mipya.

Tabibu huchoma alama ndogo zaidi ya elfu moja kandokando ya retina, akiiepuka makula. Na kama mkulima wetu apunguzavyo miche ya mahindi iliyosongamana ili iliyobaki itoshewe na rutuba, ndivyo naye apunguzavyo sehemu zenye kudai oksijeni, na ule wito wa VEGF ukatulia. Kazi hii humalizika katika vikao vichache, na manufaa yake hudumu miaka. Ila ina gharama yake: mgonjwa huweza kuona kwa shida usiku, na upeo wa macho yake ukapungua pembeni; wala leza aghalabu hairudishi uoni uliokwisha kupotea.

3. Sindano

Sindano hutiwa ndani ya jicho lililokwisha kutiwa ganzi, ikaizuia VEGF yenyewe. Dawa mojawapo, bevacizumab, iliidhinishwa Marekani mwaka 2004 kwa saratani ya utumbo mpana, kisha madaktari wa macho wakaitumia kwa kipimo kidogo mno. Na mwaka 2013 Shirika la Afya Duniani likaiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa matumizi ya jicho. Ranibizumab na aflibercept ni ndugu zake wa bei ya juu zaidi.

Kwa makula iliyovimba, sindano imeonyesha ubora ulio dhahiri: katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2010, waliopewa ranibizumab waliongeza kwa wastani herufi 9 katika ubao wa kupimia macho baada ya mwaka mmoja, ilhali waliotibiwa kwa leza peke yake waliongeza herufi 3. Kwa mishipa mipya nako, utafiti wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba baada ya miaka miwili sindano haikuwa nyuma ya leza, na macho machache zaidi yalihitaji upasuaji. Walakini nguvu ya dawa hupungua baada ya wiki kadhaa, na kwa hiyo mwanzoni mgonjwa hutakiwa arudi takriban kila mwezi.

4. Mizani ya Matete

Hapa ndipo penye kiini cha mada. Matabibu wa Philadelphia waliwachunguza wagonjwa wa mishipa mipya waliokatiza matibabu kwa zaidi ya miezi sita. Katika macho 76, retina zilizovutwa na kubanduka zilikuwa 10 kwa waliotegemea sindano, na 1 tu kwa waliokuwa wamechomwa leza. Ikiwa hayo yametukia katika mji wenye hospitali tele, tufikiri juu ya mkulima wa miwa wa hapa kwetu Matete, ambaye lazima alipe nauli ya kumfikisha Kakamega au Eldoret, achukue mtu wa kumwongoza kwa kuwa mboni zitakuwa zimepanuliwa kwa dawa, na siku ya miadi ikaangukia msimu wa kupanda. Huyu haachi tiba kwa ujinga wala kwa dharau. Huiacha kwa kuwa ratiba ya tiba hiyo haikupangwa kwa kuzingatia maisha yake.

5. Mapendekezo

Kwanza, mwenye makula iliyovimba na uoni uliopungua apelekwe kwa sindano, na kabla ya sindano ya kwanza aelezwe idadi ya safari zinazomngoja na gharama zake, pamoja na kiasi ambacho bima yake chini ya Mamlaka ya Afya ya Jamii itakilipia. Pili, mwenye mishipa mipya ambaye kurudi kwake kuna shaka afanyiwe leza kwanza, hata kama sindano itafuata. Tatu, kila mgonjwa wa kisukari apimwe retina angalau mara moja kwa mwaka, kwa kuwa tiba zote mbili huhifadhi zaidi kuliko zinavyorejesha. Nne, kliniki yetu ya kisukari iwe na daftari la miadi ya macho, na mhudumu wa afya wa kijiji apewe jina la kila aliyekosa miadi, amfuate nyumbani kabla juma halijaisha.