Nafasi za Awamu ya Pili si Makombo



Kila mwaka, majina ya waliochaguliwa kujiunga na Vyuo Vikuu yanapotangazwa, hutokea kijana asiyeliona jina lake, akakunja cheti chake na kurudi shambani akiamini kwamba milango yote imefungwa. Mzazi humwambia asubiri mwakani. Jirani humwambia kwamba nafasi zimekwisha, na zilizosalia ni makombo. Wote wawili wanampenda, lakini wote wawili wanampotosha. Awamu ya kwanza ya udahili sio mwisho wa udahili.

Zamani jambo hili halikuwa na utata. Tangu 1970 hadi 1984 nchi ilikuwa na Chuo Kikuu kimoja tu, cha Dar es Salaam. Leo vyuo ni vingi, na mwombaji mmoja anaruhusiwa kubisha hodi katika vyuo kadhaa. Kuanzia mwaka wa masomo wa 2010/2011 maombi yalipitia mfumo wa pamoja uliosimamiwa na Tume ya Vyuo Vikuu. Mwaka 2017 utaratibu huo ulibadilishwa, na waombaji wakarudi kupeleka maombi moja kwa moja vyuoni. Hapo ndipo ilipo asili ya nafasi nyingi za awamu za baadaye.

Ieleweke wazi kwamba kila kozi ina idadi maalumu ya nafasi, nayo huchapishwa katika mwongozo wa udahili unaotolewa na Tume. Chukueni mfano wa kozi yenye nafasi 100. Chuo huchagua vijana 100, na machoni pa watu kozi imejaa. Lakini huenda 40 kati yao wamechaguliwa na vyuo vingine pia, na mtu mmoja hawezi kukalia viti vinne. Kwa hiyo Tume humtaka aliyechaguliwa na vyuo zaidi ya kimoja athibitishe chuo kimoja tu, kwa namba maalumu ya siri anayopelekewa kwa simu au barua pepe. Ikiwa 30 kati ya wale 40 watathibitisha kwingine, viti 30 huwa wazi. Viti hivyo havikuachwa kwa ubovu wa kozi. Viliachwa na vijana waliokuwa navyo kupita haja yao.

Ndipo dirisha la awamu ya pili hufunguliwa, na vyuo hutangaza kozi ambazo bado zina nafasi. Hapa vijana wengi hujikwaa mara mbili. Kwanza, huomba tena kozi ile ile iliyokwisha kujaa, bila kusoma orodha ya zenye nafasi. Pili, hudhani kwamba sifa za kuingia zimepunguzwa. Sivyo hata kidogo. Mhitimu wa Kidato cha Sita wa miaka ya karibuni anatakiwa, kwa uchache, awe na pointi 4.0 kutokana na masomo mawili yanayohusika na kozi anayoiomba, kwa hesabu ya A pointi 5 hadi E pointi 1, na juu ya hapo kila kozi ina masharti yake. Aliyesoma Historia, Jiografia na Kiswahili hataingia Udaktari wa Tiba kwa sababu tu kiti kiko wazi. Kinachobadilika ni idadi ya washindani na idadi ya viti. Kipimo ni kile kile.

Ujinga wa taratibu hizi una watu wanaonufaika nao. Tume imekuwa ikiwaonya waombaji dhidi ya wanaojiita mawakala, ambao huahidi kumpatia kijana nafasi kwa malipo. Mzazi huuza ng'ombe ili anunue kitu kilichokuwa kimetangazwa hadharani.

Yapo pia makosa ya waliobahatika. Kijana aliyechaguliwa na vyuo vitatu, akakaa kimya kwa majivuno au kwa uzembe, anajihatarisha kuvikosa vyote. Na wakati huo huo anamzuilia mwenzake njia. Kiti cha Chuo Kikuu kimegharimiwa kwa jasho la wakulima na wafanyakazi. Kukikalia pasipo kukihitaji ni ubinafsi, hata kama anayefanya hivyo hajui jina la aliyemnyima.

Tena, mkopo ni shauri jingine. Maombi yake hupelekwa Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, katika dirisha lake lenyewe. Anayengoja kwanza achaguliwe chuo ndipo aombe mkopo anaweza kupata kiti asipate nauli ya kukifikia.

Ndugu Walimu, kazi yenu haikomi siku mtihani unapokusanywa. Mwongozo wa udahili usomwe shuleni kabla wanafunzi hawajatawanyika. Orodha ya kozi zenye nafasi ibandikwe kwenye ubao wa matangazo wa shule na wa ofisi ya kata. Mtumishi mwenye simu nzuri na amwite kijana wa jirani asiyekuwa nayo, waisome pamoja, kwani dirisha hufunguliwa kwa siku chache tu. Mtoto wa mjini huambiwa mambo haya na kaka yake aliyetangulia chuoni. Mtoto wa kijijini hana kaka huyo. Ana mwalimu wake.