Tumbo na Kumbukumbu za Wazee



Mzee akisahau kwamba amekwisha kusali, twamkemea. Na vibaya zaidi, twanong'ona kuwa karogwa. Yamkini ni maradhi ya Alzheimer, yanayoanza ubongoni miaka mingi kabla ya usahaulifu. Mwaka 2023 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington, mjini St. Louis, Marekani, walitangaza habari za watu 164 wenye akili timamu. Kati yao 49 walikuwa na dalili zilizofichika ubongoni, na vijidudu vya matumbo yao vilihitilafiana na vya wenzao. Huenda basi siku moja choo kidogo kikatosha kutoa onyo, pasipo sindano ya uti wa mgongo. Kipimo hicho hakijakamilika. Lakini mzee asingojee: apelekwe kwa daktari, kwani usahaulifu mwingine hutokana na upungufu wa vitamini au maradhi ya tezi ya shingo, nao hutibika.