Debe la Mahindi: Hotuba ya Mgeni Rasmi, Siku ya Mashujaa, Likawage

  

Wanafunzi, ngonjera yenu nimeipenda. Majemadari wote mmewataja, hata von Lettow-Vorbeck wa Wajerumani mkamtamka bila kujikwaa. Aliyembebea mizigo ndiye sikumsikia.

Mwalimu wa michezo, hebu njoo. Jitwike debe hili la mahindi. Usitue mpaka nikuambie.

Wanangu, Majimaji ilianza Julai 1905, Wamatumbi walipong'oa pamba Nandete, wamechoshwa na shamba la lazima la Wajerumani. Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, akanyongwa Mohoro, 4 Agosti. Hayo mtaulizwa kwenye mtihani. Lakini vita vya 1914 hadi 1918 vilipita mkoa huuhuu wa Lindi, na havikuwa vyetu. Narungombe, 19 Julai 1917. Mahiwa, siku nne za Oktoba. Mwafrika wa Mjerumani alipigana na Mwafrika wa Mwingereza, hadi Wanaijeria waliletwa kufia Mahiwa. Nyuma yao wapagazi, kilo 25 hivi kichwani, wengi wao wamekamatwa vijijini kwa nguvu. Risasi iliua wachache. Kuhara, malaria na njaa ndivyo vilivyowamaliza. Dar es Salaam wameachiwa jina la Kariakoo, kambi yao ya zamani. Sanamu ya Askari ya 1927 inamwonyesha mwenye bunduki. Wapagazi wametajwa kwa jumla tu, kwenye maandishi ya chini.

Mwalimu, shingo inasemaje? Vumilia.

Miaka ya 1960 mwanahistoria Gilbert Gwassa alizunguka Umatumbi akiwahoji wazee walioiona Majimaji kwa macho yao. Asingekwenda, leo tungekuwa tunaisoma kwenye ripoti za Wajerumani peke yake. Walioviona vita vya wapagazi wameshazikwa, ila wajukuu zao wamekaa pale chini ya mwembe, na mimi nimewaona wawili wakitikisa kichwa nilipotaja Mahiwa.

Kwa hiyo nimeleta madaftari. Kila mwanafunzi wa darasa la sita na la saba aende kwa babu au bibi, aandike jina moja: nani alichukuliwa, alichukuliwa akiwa shambani au kisimani, alirudi au hakurudi. Kama jina limesahaulika, andika hivyohivyo kwamba limesahaulika. Mwakani, msinighanie ngonjera. Nisomeeni madaftari.

Mwalimu, sasa tua. Hukufikisha hata dakika tano, na hukutoka hapo ulipo.